Dalali Ni Nani Hasa? Kutoka Soko la Mkunazini Mpaka WhatsApp Yako

Wadau wangu, leo tuwaache mastaa wapumue kidogo. Si mnajua kila mwezi lazima kuna mmoja anaposti mjengo mpya, geti jeusi, taa za kwenye dari, na gari limepaki kwa pozi. Ukishuka kwenye komenti unakuta watu hawaulizi hata bei. Wanauliza, "Dalali wako nani?"

Mimi hilo swali huwa linanigusa. Anayeuliza hivyo mara nyingi ni mtu kama wewe na mimi, ana vijihela vyake kadunduliza miaka minne, vingine viko kwenye kikoba, vingine kwenye simu. Kiwanja anajua vipo. Anachoogopa ni kulizwa. Ndiyo maana anatafuta mtu mmoja wa kumuamini, na huyo mtu kwa mjini hapa anaitwa dalali.

Nikaanza kufuatilia huyu dalali katoka wapi. Nimesoma nilivyoweza, nimeuliza wazee, na kitu nilichokiona ni hiki: tunamuamini dalali kwa kazi ambayo tangu zamani haikuwa yake. Twende taratibu, mtanielewa.

Tuanze na neno lenyewe. Dalali ni neno la Kiarabu, na lina mzizi mmoja na neno "dalili". Mzizi wake ni kuonyesha, kuelekeza. Sasa fikiria dalili inavyofanya kazi. Wingu zito ni dalili ya mvua, lakini wingu halikuandikii mkataba kwamba mvua itanyesha. Dalali naye kwa asili ya jina lake ni mtu wa kukuonyesha. Nyumba ni ile pale, mwenyewe ni yule pale. Kuthibitisha ni kazi ya watu wengine, na hao watu wengine ndio nataka tuwakumbuke leo maana tumewasahau.

Hapa pwani yetu, dalali wa karne ya 19 alikuwa hasa mtu wa mnada. Anatembeza mali, anataja bei kwa sauti, anapandisha, anashusha, anauza. Na mali nyingine, jamani, ilikuwa watu. Soko la watumwa la Zanzibar, pale Mkunazini, lilikuwa na madalali wake waliowashika watu mkono na kuwapitisha mbele ya wanunuzi. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na mahali pale likajengwa kanisa kubwa la Anglikana ambalo lipo mpaka leo. Ukienda kutembea Mji Mkongwe, lazima utaoneshwa.

Sijaileta hiyo habari ili niwatukane madalali wa Sinza. Nimeileta kwa sababu inaonyesha kitu kuhusu kazi yenyewe. Dalali ananufaika mali ikiuzika. Mali imetokaje mikononi mwa mwenyewe, hilo halimo kwenye malipo yake. Yule wa mnada hajafa pia, mnamjua: dalali wa mahakama, anayekuja na kipaza sauti nyumba ya mtu ikishindwa mkopo. Yule ana leseni na ana karatasi za amri. Huyu wetu wa vyumba na viwanja alizaliwa kivyake, na hapo ndipo stori inaponoga.

Dar es Salaam yenyewe ni mji mdogo kwa umri. Sultan Majid wa Zanzibar aliuanzisha miaka ya 1860, pembeni ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kabla haujachangamka. Kabla yake, na kwa muda mrefu baada yake, watu wa huku hawakuwa wanauziana ardhi kama tunavyouziana sisi. Kulikuwa na maeneo ya ukoo. Kulikuwa na jumbe. Na kulikuwa na jambo moja la pwani ambalo vijana wengi hawalijui: mti na ardhi vilikuwa mali mbili tofauti. Mtu aliweza kuwa na minazi yake ndani ya ardhi ambayo si yake. Unanunua minazi 20, unavuna, unawarithisha watoto, ila udongo una wenyewe. Ushikilie huu mti, tutarudi kwake.

Mauziano yalikuwa na mashahidi. Kwa waliofuata sheria ya Kiislamu, yaliweza kuandikwa mbele ya kadhi. Kwa wengine, walioshuhudia walikuwa wazee na majirani wa mipakani. Ukitaka kudanganya kwamba shamba ni lako, lazima uwadanganye watu waliokuona ukizaliwa. Kazi ngumu hiyo.

Wajerumani wakaja. Mwaka 1895 wakatoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola yao, na nani ana ardhi na nani hana, waamuzi ni wao. Waingereza wakachukua nchi, na kwa sheria yao ya ardhi ya 1923 wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana. Mji ukagawanywa kama keki: Uzunguni kwa wakubwa, Uhindini kwa wafanyabiashara, Uswahilini kwa sisi. Kariakoo ikapata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita ya Kwanza, wale wa Carrier Corps. Mdomo wa Mswahili ukalitengeneza jina likawa zuri kuliko la mwanzo.

Kule Kariakoo, na baadaye Ilala na Magomeni, ndiko ilikoshamiri ile nyumba ya Kiswahili ambayo hata wewe unaweza ukawa umekulia humo: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja na wanawe, vingine anapangisha. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, na hilo tulisherehekee kidogo. Mama wa Kariakoo na nyumba yake na wapangaji wake ni mtu wa siku nyingi, hajaanza na Instagram.

Sasa swali langu lilikuwa: mgeni anayeshuka mjini miaka ya 1950 alipataje chumba? Ofisa mmoja wa kikoloni, J. A. K. Leslie, alifanya utafiti mkubwa wa maisha ya Dar, kitabu kikatoka 1963, na picha anayoitoa ni ya mtu kufikia kwa ndugu au kwa mtu wa kwao. Unafika na kifurushi chako, unauliza kwa fulani wapi, unalala ukumbini, baada ya wiki mbili unasikia mtaa wa pili kuna chumba. Dalali wa nini hapo? Anayekuonyesha chumba ndiye anayekujua, ndiye pia anayemjua mwenye nyumba. Ukikorofisha, aibu yake. Mwenye nyumba akikudhulumu, aibu yake vilevile.

Halafu uhuru ukaja na mambo yakabadilika kwa kasi. Nyerere alishaandika mwaka 1958, kabla hata ya uhuru, akipinga ardhi kuwa bidhaa ya kuuziana. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja wa ardhi ukafutwa. Azimio la Arusha, 1967, likasema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma hiyo sentensi tena ukiwa umekaa kwenye chumba chako cha kupanga, cheka kimyakimya. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi laki 1, mengi yao ya Wahindi wa mjini. Jengo lililozidi miaka kumi mwenyewe hakulipwa kitu. Majengo yale yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, mpaka mwaka 1990 yalipoingizwa Shirika la Nyumba la Taifa.

Watu wanadhani enzi zile hakukuwa na udalali maana kila kitu kilikuwa cha serikali. Thubutu! Mji ulikuwa unajaa, nyumba za Msajili kodi yake ilikuwa ndogo, na aliyekuwa nayo hakutaka kuiachia. Ndipo kikashamiri kilemba. Kilemba ni ile hela unayompa mpangaji aliyepo ili akuachie nafasi, hata kama nyumba si yake. Wenye fremu za Kariakoo mnakijua mpaka leo. Na palipo na kilemba lazima awepo mtu anayejua nani anahama, nani ana shida, nani anataka kuingia. Mtu huyo hana ofisi. Hana risiti. Hana hata jina kwenye karatasi yoyote.

Niliongea na mzee mmoja wa Ilala ambaye kazi hii ameifanya tangu enzi za Mwalimu. Jina lake nalihifadhi. Nilimpa shikamoo yake, akanikaribisha kwenye benchi, nikamuuliza zamani walikuwa wanajitangaza vipi. Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, kujitangaza? Mwaka 83 wanakamata walanguzi, wewe ujitangaze?" Anaongelea ile kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983. Anasema yeye alikuwa anaitwa "mjomba" tu. Mteja akija anasema amekuja kwa mjomba.

Halafu mzee akanipa ile ya mti. Wakati ule kisheria kiwanja kitupu hakikuwa na bei. Ardhi ni ya umma, unachoweza kuuza ni maendelezo, yaani ulichokifanya juu yake. Basi watu wakawa wanajenga msingi, kozi mbili tatu za tofali, ili wauze "msingi". Mwingine anauza kibanda ambacho mbuzi hawezi kulala. Mzee anasema amewahi kushuhudia karatasi ya mwembe mmoja na minazi mitatu, na hapo sasa hivi kuna ghorofa. Mti wa pwani ulirudi kwa mlango wa nyuma.

Lakini angalia nani aliyeshuhudia. Tangu miaka ya 1960 chama kilikuwa na mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe alijua nyumba kumi zake kama anavyojua vidole vyake. Mke wa kwanza nani, mtoto mkubwa yuko wapi, shamba la marehemu liliishia kwenye mfereji upi. Mjomba alikuleta kwa mjumbe, mjumbe akawaita majirani, hela ikahesabiwa mezani watu wanaona. Mzee ananiambia katika miaka ile yote hajawahi kuulizwa kama ni mwaminifu. "Mimi nani aniulize? Walikuwa wanamuuliza mjumbe."

Hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya niandike haya yote.

Mwaka 1991, Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya viongozi, na sera ya ardhi ya 1995 ikakubali kwamba ardhi ina thamani. Sheria ya Ardhi ya 1999, pamoja na ile ya ardhi ya vijiji, zikaja kuliandika. Ardhi bado ni ya umma, Rais ni mdhamini, wewe unapewa haki ya kuitumia, isiyozidi miaka 99. Ila sasa haki hiyo ina bei wazi, hakuna tena kujificha nyuma ya mwembe. Udalali ukatoka mafichoni. Vibao vikaanza kupigiliwa kwenye nguzo za umeme: "Dalali, vyumba, viwanja, mashamba," na namba ya simu.

Na mji? Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu kama laki 2 na elfu 70. Ya 2012 ikakuta milioni 4 na laki 3. Ya 2022, milioni 5 na laki 3. Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Kigamboni, Goba, Bunju, yote yakageuka kutoka mashamba kuwa mitaa, na sehemu kubwa bila kupimwa. Watu wanahamia mahali ambapo hakuna aliyewaona wakizaliwa. Jirani naye kaja mwaka jana. Yule mjumbe aliyejua kila kitu akabaki na nyumba mia, nusu yake hajawahi kuingia.

Hapo ndipo imani yote ikamwangukia mjomba. Mashahidi walipungua, dalali akabaki peke yake mlangoni, na sisi tukaanza kumuuliza maswali ya mjumbe. Kwamba mwenye kiwanja ni huyu kweli? Hakijauzwa? Hakina kesi? Na yeye, kwa sababu analipwa kikiuzika, anajibu ndiyo.

Dada mmoja msomaji wangu alinunua kiwanja pande za Chanika. Dalali msafi, anaongea vizuri, anajibu simu hata saa tano usiku. Alimpeleka kwa "mwenye shamba", kijana wa makamo, wakaandikishana, akalipa. Alipopeleka tofali, akatokea mzee mwenye shamba mwenyewe, mzima wa afya, na mabinti zake wawili. Yule kijana alikuwa mwanawe kweli. Hakuwa tapeli wa kutoka mbali. Aliuza urithi ambao haujawa urithi! Na dalali? Dalali anasema, "Mimi nilikuonyesha tu." Inauma, lakini ukirudi kwenye neno lenyewe, amesema kweli.

Kwa hiyo mkiniuliza dalali wa kuaminika anaonekanaje, siangalii anavyoongea wala ana wafuasi wangapi. Naangalia kama anakupeleka kwa mashahidi, na kama anafurahi au ananuna ukimwomba akupeleke.

Eneo likiwa limepimwa na lina hati, shahidi wako yuko ofisi ya ardhi. Unafanya upekuzi kwa namba ya kiwanja, unajua jina lililoandikwa na kama kuna benki inaidai. Dalali anayekwambia upekuzi ni kupoteza muda, hati anayo mwenyewe ndani, muage kwa adabu. Hati ndani ya bahasha ni karatasi. Rejesta ndiyo inayosema. Na ukioneshwa "ofa" ya miaka ya nyuma, hiyo ndiyo ya kuipeleka kuangaliwa kwanza kabla ya kitu chochote.

Eneo lisilopimwa hakuna rejesta, na huku ndiko wengi wetu tunakonunua maana ndiko bei yetu iliko. Hapo mashahidi ni walewale wa zamani: majirani wa pande zote nne na serikali ya mtaa. Nenda mwenyewe, siku nyingine, bila dalali. Peleka hata sukari. Kaa na mama jirani, muulize hapa pa nani, walikaa nani, marehemu aliacha watoto wangapi. Nusu saa ya umbea wa kistaarabu inakupa kuliko karatasi. Ile asilimia 10 mtakayoambiwa mtaani ni desturi iliyojiotea, Sheria ya Ardhi haina kifungu chake, msidhani mkishailipa basi mmekingwa na kitu.

Kipimo nacho. "Ishirini kwa ishirini" ya nini? Kuna mita na kuna miguu, kuna na hatua za mtu mzima, na dalali akiwa mfupi hatua zake zinakuwa fupi, akiwa anauza zinakuwa nyingi. Nenda na futi kamba yako.

Halafu mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mzee wangu wa Ilala ana utaratibu: mume akishamaliza kuonyesha nyumba, yeye anasema anaomba maji ya kunywa. Mama akija na maji, anamwambia, "Mama, huyu ndiye mgeni anayenunua." Anaangalia uso. Anasema mara mbili maji yalimwagika palepale.

Kwa nyie mnaouza, na wengi hamjioni humu, tatizo lenu lina jina: cha juu. Unamwambia dalali nataka milioni 40, yeye anamwambia mnunuzi 46, na ile 6 inapita juu ya kichwa chako kama ndege. Hapo bado asilimia yake anakuja kuidai kwako. Mbaya zaidi, nyumba inakaa mwaka mzima haijauzika kwa sababu bei inayotajwa huko nje si yako, na kama imepita mikononi mwa madalali watano kila mmoja kaweka chake. Mpe kazi dalali mmoja au wawili, malipo yake yaandikwe kabla hajaleta mtu, na mwambie wazi kwamba siku ya bei wewe na mnunuzi mtakaa benchi moja. Wapo wanaokubali bila kusita, na nimewakuta Ilala, Temeke na hata kwenye magrupu ya WhatsApp. Akianza kujikuna na kusema "bosi, huyo mteja hapendi kukutana na watu", nyumba yako bado ina funguo, ifunge uende kazini.